Dakika 120 za kunyonyesha: kisa cha keshia wa Gerezani

Barua niliiandika mimi, na niliionea fahari. Ilikuwa mistari sita tu: kwamba kuanzia Jumatatu keshia wetu aliyetoka likizo ya uzazi atakuwa anaondoka kazini saa 9 alasiri badala ya saa 11 jioni, mshahara wake usiguswe, ili apate kumnyonyesha mtoto. Mzee, mwenye duka, akatia saini bila kununa. Mama mwenyewe akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye pochi, akaniambia, "Dada, Mungu akulipe." Wiki ya tatu baada ya hapo alikuwa kitandani na homa, titi la kushoto limekuwa gumu kama embe bichi, na mtoto wa wiki 13 nyumbani anapewa uji.

Hakuna aliyemtendea ubaya, na ndiyo sababu naona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Visa vya mama aliyefukuzwa kwa sababu ya mimba njia yake inajulikana: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Cha kwetu hakikuwa na wa kushtakiwa. Nimebadilisha mambo mawili matatu yasiyogusa kiini, na mama nitamwita Mama Nuru, ingawa si jina lake.

Duka ni la jumla, vifaa vya ujenzi, mtaa wa Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam. Tuko watu 14. Mimi ni mhasibu, na kwa kuwa hatuna ofisa utumishi, mikataba, michango ya NSSF na likizo vyote huishia mezani kwangu. Mama Nuru ana miaka minne kaunta. Anaishi Chamazi, upande wa Mbagala, na yeyote anayejua daladala za kutoka Chamazi hadi Rangi Tatu, kisha Rangi Tatu hadi Kariakoo, ameshaona nusu ya tatizo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, siku 100 kama amejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani mama anarudi mtoto akiwa na wiki 12. Sivyo. Anaruhusiwa kuanza likizo yake tangu wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, na hesabu inaanza hapo. Mama Nuru miguu ilimvimba, akaanza likizo siku 10 kabla ya tarehe. Mtoto naye akapitiliza siku 4. Kwa hiyo siku 14 ziliisha tumbo bado liko mbele, na siku ya kurudi kazini mtoto alikuwa na wiki 10 kamili. Mtoto wa wiki 10 hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana.

Kulikuwa na namna ya kuziba pengo hilo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na hakuna kinachozuia kuziunganisha na za uzazi mwajiri akikubali. Angerudi mtoto akiwa na wiki 14. Lakini mwanzoni mwa mwaka uleule alifiwa na baba yake huko Muheza. Siku 4 za msiba hazikutosha, nikamwandikia na za mwaka zote, ili akae na mama yake mpaka ikaribie arobaini. Mimba ilikuwa changa, mimi sijui, na sidhani ningefanya tofauti hata ningejua. Hii naitaja kwa ajili ya wanaopanga: likizo ya mwaka ya mwanamke anayetarajia ni akiba, asiitumie bila kuipigia hesabu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mahali pengine. Alileta taarifa yake miezi 3 kabla, pamoja na cheti cha daktari, kama sheria inavyotaka. Nikaipokea, nikagonga muhuri, nikaweka kwenye faili. Tukaongea nani atashika kaunta akiwa hayupo. Hatukuongea hata sentensi moja juu ya siku atakayorudi. Kwa miezi 3 ofisi nzima ilikuwa ikijiandaa kwa kuondoka kwake, na yeye akajiandaa kurudi peke yake.

Aliporudi alimkuta mpwa wa Mzee kaunta. Kijana mzuri, mwepesi wa hesabu, wateja wamemzoea. Mzee akapendekeza Mama Nuru akae stoo "kwa muda", akihesabu misumari na kofia za mabomba, mshahara uleule. Hapo nilikuwa imara: sheria inasema anarudi kwa masharti yaleyale aliyoondoka nayo, na keshia akipelekwa stoo kimyakimya, baada ya miezi miwili atakuwa mtunza stoo. Mzee si mtu wa kubishana na karatasi. Kijana akashuka kwenye upakiaji, uso umekunjamana. Nimkumbushe msomaji asimsahau kijana huyu.

Kisha zikaja dakika 120. Sheria inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kumlisha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Maneno yenyewe ni machache hivyo. Ukiyasoma polepole utaona yameandikwa kwa mama ambaye mtoto wake yuko karibu: shambani, kwenye nyumba za kiwanda, shule ya kijijini ambako nyumba ya mwalimu iko nyuma ya darasa. Anatoka, ananyonyesha, anarudi. Mtoto wa Mama Nuru yuko Chamazi, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi kama hakuna lori limeharibika njiani. Kumleta mtoto Kariakoo tulilifikiria kwa dakika tano. Mtoto wa wiki 10 kwenye daladala ya alfajiri, kisha kutwa kwenye vumbi la saruji? Hapana.

Kwa hiyo tukafanya wanachofanya waajiri karibu wote ninaowajua mjini: tukazisukuma saa mbili zote mwisho wa siku. Aondoke saa 9. Inaonekana ni akili. Foleni ya jioni anaikwepa, saa 10 na nusu au zaidi kidogo yuko nyumbani, jua bado lipo. Mwajiri anafurahi kwa sababu asubuhi na mchana, wakati wa wateja wengi, kaunta haikatiki. Mama anafurahi. Mhasibu anajiona mwanasheria.

Sasa hesabu siku kwa upande wa titi. Ananyonyesha mara ya mwisho saa 11 alfajiri. Saa 11 na nusu yuko kituoni. Saa 2 asubuhi anafungua droo. Saa 9 anaifunga. Anamshika mtoto saa 10 na dakika 40. Kati ya kunyonyesha mara moja na nyingine zimepita karibu saa 12. Barua yangu ilipunguza saa za kuwa mbali na nyumbani, ambazo ni shida ya barabara. Saa za titi kujaa bila kutolewa maziwa haikuzigusa.

Nesi wa kliniki alinieleza baadaye kwa lugha ambayo mhasibu anaielewa. Titi si tangi unalolijaza usiku ukachota mchana. Linatengeneza kulingana na kinachotoka. Maziwa yakikaa humo yamejaa, mwili unachukulia kwamba mtoto hayahitaji, unapunguza. Ukirudia hivyo siku sita kwa wiki, wiki mbili tatu, maziwa yanapungua hata yale ya usiku. Na yaliyokwama yanaweza kuziba njia, titi likavimba, likapata joto, homa ikafuata.

Dalili zilikuwepo mbele ya macho yetu. Siku za mwanzo alikuwa akivaa kanga kifuani chini ya blauzi, na mchana kanga imelowa. Alikuwa akienda chooni mara kwa mara, na Mzee alishaanza kuuliza kama anaumwa tumbo. Alikuwa akikamua maziwa kwenye sinki la choo, amesimama, kwa dakika tatu nne, kiasi cha kupunguza maumivu tu, mlango ukigongwa. Choo hicho tunatumia sote, wapakiaji na wateja.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuniambia, alijibu, "Dada, nilishapewa saa mbili. Ningeomba tena nini?"

Jibu hilo nimelitafakari kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Barua yangu nzuri ndiyo iliyomfunga mdomo. Angekuwa hajapewa kitu, angelalamika, angeenda hata kwa chama cha wafanyakazi. Alipopewa kitu kikubwa kisichofaa, heshima ilimzuia kusema kwamba hakifai.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yakienda. Mama yake mzazi alitoka Muheza baada ya eda kwisha, akaja kumlea mjukuu. Bibi wa watu, mwenye mapenzi, aliyelea watoto saba. Mama Nuru alikuwa akiacha maziwa kidogo aliyokamua alfajiri kwenye chupa, na kopo la maziwa ya unga kwa dharura. Kopo la dharura likawa la kila siku, kisha likawa linaisha kabla ya mwisho wa wiki, na bei ya kopo anayelea anaijua. Bibi akaona mtoto analia, akafanya kinachofanywa kila mahali: akapika uji mwepesi, akauchuja. Mtoto akalala. Ikawa ushahidi kwamba maziwa ya mama hayakumtosha.

Na lilikuwapo jambo la "titi lililolala". Bibi alimwambia binti yake kwamba maziwa yaliyoshinda kwenye titi kutwa, tena kwenye jua na joto la daladala, yamelala, si ya kumpa mtoto. Kwa hiyo akifika nyumbani, kabla ya kunyonyesha, akamue kwanza yamwagike. Imani hii nimeikuta kwa wengi, wengine wamesoma kuliko mimi. Maziwa ndani ya titi hayachachi, awe mama ameshinda juani au ofisini. Lakini fikiria: mama ambaye maziwa yanapungua, anayefika saa 10 na dakika 40 na titi limejaa kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo, anayamwaga.

Homa ilimpata Jumatano ya wiki ya tatu. Zahanati wakampa dawa na ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku 3. Mzee akaguna: "Ametoka likizo juzi, leo ED?" Siku za ugonjwa ni haki tofauti, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, na hilo nilimweleza. Lakini nilijua ile guno si ya sheria. Ilikuwa ya mtu aliyetoa na anaona hakushukuriwa.

Wiki iliyofuata ilikuwa kliniki ya wiki 14, ya chanjo. Kadi ndiyo iliyosema. Wiki ya 10 mtoto alikuwa na kilo 5.2. Wiki ya 14 alikuwa na kilo 5.4. Gramu 200 kwa mwezi mzima, kwa mtoto wa umri ule, maana yake mstari kwenye kadi umelala. Nesi hakumkaripia. Alimuuliza maswali mawili tu: "Mchana unakamua mara ngapi? Na nani anamlisha?" Akamwambia siku ya kurudi kupima uzito aje na huyo anayemlisha.

Hapa nampongeza Mama Nuru kuliko mtu yeyote. Hakubishana na mama yake. Angesema "nesi kasema uji unadhuru", angeambiwa "ninyi wote nimewalea kwa uji, na mko hai". Akamwomba amsindikize kliniki. Nesi, msichana mdogo, akaanza na shikamoo, akamkalisha bibi kwenye kiti chenye mto, akamsifu kwa mjukuu kuwa msafi, ndipo akaleta kikombe kidogo. Akamwonyesha: mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, usimmiminie, mwache alambe mwenyewe. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa yenye chuchu, na mtoto hachanganyikiwi na titi. Bibi akajaribu, mtoto akalamba, bibi akacheka. Nyumbani akatafuta kikombe chake cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akakitenga kwa kazi hiyo. Uji ukaisha siku hiyo, na hakuna aliyeshindwa.

Huko kazini ilibidi nivunje barua yangu mwenyewe. Nilimwita Mama Nuru kabla ya kuonana na Mzee. Nikamweleza: tuzigawe dakika zako. Nusu saa asubuhi ukamue vizuri, nusu saa mchana, na saa moja iliyobaki uondoke mapema, saa 10 jioni. Akakataa. Akakataa kwa adabu lakini akakataa kweli. Saa 9 na saa 10 si tofauti ya saa moja kwa mtu wa Mbagala. Ukitoka Kariakoo saa 9 unapata kiti. Ukitoka saa 10 unaning'inia, na nyumbani unafika karibu saa 12. Alikuwa anaulizwa achague kati ya maziwa ya mtoto na mtoto mwenyewe.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha nikamuuliza, bila mpango, anakula saa ngapi. Akaniangalia kama sijui kitu. Anakula palepale kaunta, kati ya mteja na mteja, sahani chini ya droo. Miaka minne. Sheria inataka mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya saa moja, na kwenye mkataba wake imeandikwa, "mapumziko saa 7 hadi saa 8 mchana". Niliandika mimi pia. Wapakiaji wanakwenda kula kwa mama ntilie. Mimi nafunga mlango wangu. Keshia haondoki kwa sababu fedha zilizomo kwenye droo anawajibika nazo yeye, na risiti za mashine ya EFD lazima zilingane na droo jioni. Kwa miaka minne duka lilikuwa linachukua saa moja ya Mama Nuru kila siku, na hakuna aliyeiita kwa jina lake. Kisha tukampa mbili kwa mbwembwe.

Kwa hiyo mpango mpya ulipatikana kwa kurudisha kilichokuwa chake. Nusu saa ya asubuhi, saa 4 na nusu, ikatoka kwenye dakika 120. Mchana anapata saa yake nzima: nusu anakamua, nusu anakula ameketi. Anaondoka saa 9 na nusu. Mtu makini ataniambia hata hapo tumempunja, kwamba saa ya chakula ni ya chakula na kukamua kungepaswa kuhesabiwa kwenye zile 120. Ni kweli. Nilimwambia hivyo, na akachagua kuondoka saa 9 na nusu. Safari hii angalau alichagua.

Kijana wa Mzee akarudi kaunta, mara mbili kwa siku. Kila makabidhiano wanahesabu droo pamoja na kutia saini kwenye daftari, dakika 5 hadi 7. Wiki ya kwanza ilipungua shilingi 12,000, pakawa na maneno, kisha ikagundulika ni chenji ya mteja aliyerudisha koki. Baada ya hapo kukawa shwari. Aliyeonekana kuja kumnyang'anya nafasi ndiye aliyewezesha aikalie. Ningekuwa nimepanga kabla ya likizo, kijana angefundishwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, na asingeshushwa kwenye upakiaji akiwa na kinyongo.

Likabaki la chumba. Sheria yetu inatoa muda, haisemi chochote juu ya mahali wala juu ya kukamua. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, na imetaja wazi kwamba mapumziko ni ya kunyonyesha au kukamua, yasiyozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Wakenya wana saa moja na chumba. Sisi tuna saa mbili na choo. Ningeambiwa nichague, sijui ningechagua ipi.

Stoo ya nyuma ina rangi na tina, harufu yake inaumiza kichwa. Ofisi yangu ina kioo. Kilichobaki kilikuwa chumba kidogo cha juu, chenye mkeka na pazia, ambako wafanyakazi wanaswali. Mama Nuru aliona haya hata kulitaja. Mimi nikamwendea mpakiaji mzee ambaye ndiye huwaswalisha wenzake. Alisikiliza, akasema maziwa ya mama si najisi, na kwamba Kurani imetaja mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Sharti lake lilikuwa moja: asigongane na adhuhuri wala alasiri. Ndiyo maana ratiba ikawa saa 4 na nusu asubuhi na saa 7 na nusu mchana. Akaweka mwenyewe komeo la ndani.

Mpakiaji huyohuyo ndiye aliyetukumbusha jambo ambalo sikulifikiria. Tulipotaka kuweka maziwa kwenye friji ya soda, akasema yaandikwe jina, kwa sababu ipo siku atakuwepo mama mwingine, na chupa zikibadilishana, watoto wanaweza kuwa ndugu wa kunyonya, wasiweze kuoana. Wengine walicheka. Mimi nilinunua kalamu ya wino usiofutika.

Friji ilisaidia, lakini njiani je? Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kama saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Kariakoo ya mchana hatujui nyuzi 25. Akaleta hotipoti mpya, ndogo, na chupa mbili za maji za nusu lita zilizogandishwa nyumbani usiku. Hotipoti inatunza baridi kama inavyotunza moto. Chupa za barafu zinakuja nayo asubuhi, zinashinda kwenye sehemu ya juu ya friji, saa 9 na nusu zinapangwa pembeni mwa vikopo viwili vya maziwa, kifuniko kinabanwa, safari. Yakifika nyumbani yanaingia kwenye friji, yanatumika kesho yake. Ndani ya friji yanaweza kukaa siku 4, ila yeye hakuwahi kuwa na ya kukaa siku 4. Bibi alishangaa maziwa ya mtu kusafiri kwenye hotipoti ya wali, akazoea.

Ila siku mbili za kwanza bibi aliyamwaga. Maziwa ya mama yakikaa kwenye baridi hujitenga, mafuta juu na majimaji chini. Bibi akaona yamekatika. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mama Nuru alifika nyumbani, akakuta jasho lake la siku mbili limekwenda kwenye mfereji, na kopo la unga limefunguliwa. Aliniambia alikaa uani akalia, kisha akaingia ndani akamweleza mama yake kwamba unazungusha kikombe taratibu tu yanachanganyika, na kwamba unayapasha kwa kukiweka kikopo kwenye bakuli la maji ya moto, si kuyachemsha. Maelezo ya nusu dakika. Orodha zetu za maandalizi huwa zimejaa nepi na vikopo. Mwenye kumlisha mtoto ndiye husahaulika.

Kukamua kwenyewe kulimchukua muda kuzoea. Pampu ya mkono aliyopewa zawadi ilimuumiza, akaiacha, akatumia vidole: kidole gumba juu ya sehemu nyeusi, vingine chini, unasukuma kurudi kifuani, unabana, unaachia, bila kuvuta chuchu. Siku ya kwanza alipata robo kikombe cha chai, matiti yote mawili. Alivunjika moyo. Nesi alishamwambia asihesabu siku tatu za kwanza, kwamba mwili lazima uamini kwanza kuwa ile oda ya saa 4 na nusu itakuja kila siku. Wiki ya pili alikuwa anatoa kama mililita 100 kila kikao, na alfajiri nyingine. Kwa mtoto wa umri ule, anayehitaji mililita 700 na kitu kwa siku nzima usiku ukiwemo, hiyo ilitosha sehemu kubwa ya mchana. Kopo halikuondoka kabisa. Lilirudi kuwa la dharura.

Wiki ya 18 mtoto alipimwa kilo 6.1. Kadi aliileta dukani, akamwonyesha Mzee, ambaye aliivalia miwani na kufuata mstari kwa kidole kama anakagua ankara.

Kuna visivyotatuliwa. Siku za kuhesabu mali, mwisho wa mwezi, ratiba inavunjika na kijana anahitajika stoo. Umeme ukikatika Chamazi usiku barafu haigandi. Na mume, ambaye msomaji atakuwa anajiuliza yuko wapi, ni dereva wa lori la Tunduma. Siku zake 3 za likizo ya uzazi alizipata mtoto akizaliwa, baada ya hapo anaonekana kwa mwezi mara mbili.

Mtoto alipofika miezi 6, Mzee alikuja mezani kwangu na barua ya pili, ile ya mpango mpya. "Hii inaisha lini?" Waajiri wengi wanakata kwenye miezi 6. Nikamsomea kifungu: kinasema mama anayenyonyesha, umri wa mtoto hakikuutaja. Nilikuwa nimeshaandaa barua ya tatu, nimeandika "hadi mtoto atakapolikizwa", yaani atakapoachishwa ziwa. Mzee akachukua kalamu, akalikata neno hilo. Nikaanza kukusanya hoja zangu. Akaniuliza mtoto amezaliwa tarehe ngapi, nikamtajia. Akaandika tarehe hiyohiyo ya mwaka unaofuata, akatia saini pembeni, akasema baada ya hapo tutakaa tena, na huyo kijana aongezewe posho ya kaunta.